Mvi Zikienda Matembezini: Maswali na Majibu

Nina miaka 68, nimestaafu, watoto wana kwao. Mwili si mbaya, ila usiku mawazo hayanipi nafasi. Naambiwa nikatembee msituni. Miti itanisaidia nini?

Itakupa mapumziko kutoka kwenye kujifikiria wewe mwenyewe. Mawazo ya usiku, ukiyasikiliza vizuri, mengi yanazunguka neno moja: mimi. Nilikosea, nimeachwa, nitaugua.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya utafiti wa watu wenye miaka 60 hadi 90. Waliombwa watembee angalau dakika 15 kwa wiki, kwa wiki nane. Kundi moja lilitembea tu. La pili liliambiwa kila likitoka litafute kitu cha kustaajabia. Wote walijipiga picha njiani. Kadiri wiki zilivyosonga, picha za kundi la pili zilibadilika: sura ya mwenyewe ilichukua sehemu ndogo, mandhari ikajaa, na tabasamu likapanuka. Watu hao pia walisema dhiki yao ya kila siku imepungua. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kundi la kwanza ndilo lililotembea mara nyingi zaidi, na bado halikupata nafuu hiyo ya moyo. Kwa hiyo miguu peke yake haitoshi. Macho nayo yana kazi.

Basi ni lazima nipande mlima?

Hapana. Wapo wanaoweza: mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa Marekani mwenye miaka 67 na watoto 11, aliimaliza njia ya Appalachian, njia ndefu ya miguu milimani mashariki mwa Marekani, peke yake, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba miguuni na mfuko aliojishonea mwenyewe. Usijipime naye. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, wa watu karibu 20,000, uliona kuwa waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na maisha yanawaridhisha. Haidhuru dakika hizo walizimaliza kwa siku moja au walizigawa. Ni kweli, huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi, lakini kujaribu hakuna hasara.

Magoti yananisumbua, na natumia dawa za presha.

Hapa usikimbilie. Wengi huogopa kupanda, kumbe goti huteseka zaidi wakati wa kushuka. Chukua fimbo mbili, zirefushe kidogo kwenye mteremko, piga hatua fupi. Wiki kadhaa kabla, fanya zoezi la kuinuka kwenye kiti bila kushika chochote, mara kadhaa kwa siku. Ndiyo misuli ile ile itakayokubeba.

Kiu hupungua umri unapokwenda, kwa hiyo kunywa maji hata kama huyatamani. Ikiwa dawa yako ni ya kukojosha, au umewekewa kiwango cha maji kwa sababu ya moyo au figo, muulize daktari kabla ya safari. Usiiache dawa eti usisumbuke na haja njiani. Zipo pia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, hivyo saa ya mkononi inayopima mapigo inaweza kukudanganya. Tumia mdomo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo unafaa. Kifua kikibana, au pumzi ikikatika ghafla, simama na uombe msaada.

Niende peke yangu?

Unaweza, kwenye njia unayoijua. Mwambie mtu unakopita na saa ya kurudi. Simu iwe na chaji, lakini ikae mfukoni.

Nimekwenda mara tatu, sijahisi kitu.

Huenda unatembea kama mtu anayewahi basi. Safari ijayo simama mahali pamoja kwa dakika tano. Chagua gome la mti mmoja: sisimizi wanapanda upande gani, ule ufa unaishia wapi, kwa nini ukoga uko huku na si kule. Usitafute kutulia, tazama tu.

Lakini ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna usingizi wala hamu ya kula, na hakuna kinachokufurahisha, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ina matibabu. Nenda kituo cha afya. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda leo hii, usiende peke yako.