Kusamehe na kuachilia kinyongo: maana yake katika imani ya Kikristo

Kusamehe, kwa Mkristo, ni kufuta deni. Aliyekukosea amekunyang'anya kitu: heshima, mali, amani, pengine miaka mizima ya maisha yako. Kusamehe ni kuamua mbele za Mungu kwamba hutamlipiza, hutamchafua kwa watu, wala hutamtakia mabaya kimoyomoyo. Kinyongo ni deni lile lile likiwa limetunzwa, likihesabiwa upya kila jina la aliyekukosea linapotajwa.

Ndiyo maana msamaha huanza kwa kukiri kwamba kosa limetendeka. Anayesema "si kitu, yamekwisha" huku moyo unamchoma hajasamehe bado. Amefunika tu. Hakuna deni linalofutwa kabla ya kujulikana ni kiasi gani.

Yesu mwenyewe alilieleza jambo hili kwa hesabu. Katika Mathayo 18, Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, je, hata mara saba? Anajibiwa hata saba mara sabini, kisha anasimuliwa habari za mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa kufanya kazi siku 300 kila mwaka, mtu yule angehitaji miaka 200,000 kulipa. Akasamehewa zote. Alipotoka akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100.

Tusiipite hiyo dinari 100 haraka. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, si fedha ya kupuuza, na Yesu hakusema kwamba mwenzake hakuwa na deni. Uliyotendewa yanaweza kuwa makubwa kweli. Lakini Mkristo huyapima akiwa amesimama mahali pa mtu aliyekwisha kusamehewa talanta 10,000, na nguvu ya kuachilia hutoka hapo. Anayejaribu kusamehe kwa ubavu wake tu huchoka mapema.

Uamuzi wa kusamehe unaweza kufanyika katika sala moja. Moyo kutulia ni safari nyingine. Wapo waumini wanaojihukumu kwa sababu walisamehe kwa dhati, kisha uchungu ukarudi waliposikia sauti ya mtu yule. Uchungu kurudi si ushahidi kwamba ulidanganya mbele za Mungu. Mimi naamini zile saba mara sabini zinatuhusu hata kwa kosa moja: kila linapokumbukwa, unaliachilia tena. Waebrania 12:15 huonya juu ya shina la uchungu, na shina huchipuka tena pale lilipokatwa.

Sasa, kuna mafundisho yanayoumiza watu, nayo lazima yasemwe. Mwanamke anayepigwa huambiwa "samehe, rudi nyumbani", kana kwamba msamaha na kurudi ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kusamehe ni kazi ya moyo mmoja mbele za Mungu. Kupatana kunahitaji wawili, na aliyekosa lazima atubu na abadilike. Yusufu, aliyeuzwa utumwani na ndugu zake, aliwapima kwa habari ya mdogo wao Benyamini kabla ya kujitambulisha kwao. Kushitaki uhalifu nako hakupingani na msamaha: Warumi 12 inakataza kujilipiza kisasi, na sura inayofuata inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu dhidi ya atendaye mabaya. Kumrudisha mtu kwenye kipigo kwa jina la msamaha ni kuligeuza Neno la Mungu kuwa silaha.

Tofauti hizi zote zinaonekana katika sura moja, 2 Timotheo 4, ambapo Paulo anaandika akiwa kifungoni. Marko, aliyewaacha Paulo na Barnaba njiani kule Pamfilia hata hao wawili wakatengana kwa ajili yake, sasa anaitwa aje, kwa kuwa anafaa kwa utumishi. Uhusiano umepona kabisa. Wale waliomkimbia alipojitetea mara ya kwanza, Paulo anawaombea wasihesabiwe hatia. Hatuambiwi kama walirudi kumwomba radhi. Na yupo Iskanda, mfua shaba, aliyemtenda mabaya mengi. Malipo yake Paulo anayaacha kwa Bwana, hajiwekei. Kisha anamwambia Timotheo waziwazi ajihadhari na mtu huyo.