Sega lenye matobo: tunavyokosea kuhusu malkia wa nyuki na madume wake

Mama mmoja jirani yetu, huku Mumias ambako ukitupa jicho unaona miwa tu, aliniita jioni nimtazamie mzinga. Akapuliza moshi, akavuta fremu, akaniinulia. Seli (vijumba vya sega) zilizofunikwa nta zilikuwa zimetapakaa: mbili hapa, tatu pale, katikati yake matobo, yaani seli tupu.

"Mwanangu, hawa wanaumwa ama wamerogwa?"

Nikanusa. Hakuna uvundo, hakuna jana (mtoto wa nyuki) lililooza. Nikamwuliza malkia wake wametoka wapi. Akasema kwa fahari kwamba mizinga yote minane ni uzao wa malkia mmoja, yule mpole asiyeuma watoto.

Nikaona nimweleze kwanza yale tunayoyasema sana na kuyakosea, moja moja. "Malkia hupandwa na dume mmoja." Tumezoea ng'ombe: fahali mmoja, kazi imekwisha. Nyuki sivyo. Malkia kijana huruka nje akakutana hewani na madume kumi, ishirini, pengine zaidi, na wengi wao ni wa mizinga ya mbali. Kila dume hufa papo hapo. Mbegu zao hukaa kwenye kifuko tumboni mwa malkia kwa miaka, naye akishaanza kutaga hatoki tena kutafuta dume.

"Sega likiwa na matobo, ni ugonjwa." Mara nyingi ndiyo, au malkia amezeeka. Lakini kuna chanzo kingine, nacho kimo ndani ya ndoa yenyewe. Yai lisilorutubishwa hutoa dume. Kwa hiyo dume hana baba, ila babu anaye. (Soma tena polepole, mimi mwenyewe ilinichukua muda.) Yai lililorutubishwa hutoa jike, kwa sharti moja: jeni inayoamua jinsia, iliyotambuliwa na mwanasayansi Martin Beye na wenzake mwaka 2003, iwe na matoleo mawili tofauti, moja la mama na moja la baba. Yakifanana, hutoka dume asiyefaa kitu, na nyuki vibarua humla saa chache tu baada ya yai kuanguliwa. Seli inabaki tupu.

Tupige hesabu. Malkia ana toleo A na toleo B. Akipandwa na dume mwenye A, nusu ya mayai yatakayorutubishwa na mbegu za dume huyo yataangamia. Ikiwa huyo ni mmoja kati ya madume 15, hasara ni kama 3 kwa kila 100, hutaiona. Ikiwa madume wote wana A, nusu ya sega ni matobo. Ndugu wakipandana, hatari ya kufanana inapanda, na kule kwa mama mizinga yote ilikuwa ya ukoo mmoja.

"Jeni nzuri huenea mpaka iwe ya wote." Kwa jeni hii mambo ni kinyume kabisa, na mimi hapa ndipo ninapowavulia nyuki kofia. Dume mwenye toleo geni hakutani na malkia anayefanana naye, hivyo mabinti zake wote wanaishi, na toleo lake linaongezeka. Likishajaa kila mahali, linaanza kukutana na lenyewe na majana yanaanza kuliwa. Linapunguka tena. Basi uadimu wenyewe ndio faida, na ndiyo sababu makumi ya matoleo hudumu pamoja bila hata moja kuyameza mengine.

"Madume ni walaji tu, kata sega lao." Mama alikuwa akiyakata kila mwezi. Kweli, dume halindi mzinga wala haleti chavua. Lakini ukimaliza madume wako na jirani naye akamaliza wake, malkia wako atampata nani huko juu?

Dada yake ameolewa Shinyalu, karibu na Msitu wa Kakamega. Tulipeleka huko maboksi matatu ya kutegea nyuki wa ukoo mwingine, yaliyopakwa nta, tukayatundika mtini. Juzi dada alipiga simu: moja linavuma, na hao si wapole hata kidogo.