Dawa ya minyoo humfanya nini mnyoo?

Watu husema "dawa ya minyoo" kana kwamba ni moja. Ziko kadhaa, na nyingi hazimuui mnyoo papo hapo: humnyima nguvu au humpoozesha, kisha utumbo humalizia kazi. Mnyoo wa tumboni anaishi ndani ya mto usiotulia. Chakula husukumwa kwenda chini saa zote, naye hubaki kwa kuukabili mkondo au kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Akilegea tu, anatoka na choo.

Albendazoli na mebendazoli hutumia njaa. Hunasa tubulini, protini ambayo seli za mnyoo huiunga kuwa vijibomba vya kusafirishia vitu ndani yake. Vijibomba visipojengeka, mnyoo hashindwi kula tu, hata glukosi iliyomzunguka hawezi kuifyonza. Anaishi kwa akiba, ikiisha anakufa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, hivyo kutoona kitu chooni kesho yake si dalili kwamba dawa imegoma. Sisi pia tuna tubulini, ila dawa hizi huishika ya mnyoo kwa nguvu zaidi.

Dozi iliyozoeleka ni albendazoli miligramu 400 mara moja (200 kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1 lakini hajafika 2), au mebendazoli miligramu 500 mara moja. Askaris, yule mnyoo mrefu wa mviringo, huondoka vizuri kwa dozi hiyo. Mnyoo mjeledi, aliyechomeka nusu ya mbele ya mwili wake ndani ya utando wa utumbo, mara nyingi hubaki. Kwake siku 3 mfululizo ni afadhali. Wajawazito katika miezi 3 ya mwanzo hawapewi dawa hizi.

Albendazoli huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, na kwa minyoo ya utumbo hiyo ni faida. Ikimezwa na chakula chenye mafuta, kiasi kinachoingia huongezeka takribani mara 5. Ndivyo inavyotakiwa mdudu akiwa amejificha kwenye ini au ubongo, kama vifuko vya tegu wa nguruwe. Lakini vifuko vikifia ubongoni, uvimbe unaofuata unaweza kuleta degedege. Ndiyo maana tiba hiyo hufanywa na daktari, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe.

Kundi la pili hushambulia mishipa ya fahamu na misuli. Piranteli humkakamaza mnyoo, piperazini humlegeza. Zikitolewa pamoja hubatilishana. Ivermektini, mikrogramu 150 hadi 200 kwa kilo ya uzito wa mwili, hufungua aina ya milango ya kupitishia kloridi kwenye seli za mnyoo ambayo mamalia hawana, mnyoo akapooza. Tahadhari yake kubwa ni kwa mwenye viluwiluwi vingi mno vya Loa loa (mnyoo wa macho) katika damu: vikifa kwa mkupuo, ubongo unaweza kudhurika.

Prazikwanteli ni ya kichocho na tegu. Kalsiamu humfurika mnyoo, misuli yake hujikunja, ngozi yake huchanika, na kinga ya mwili humwona adui aliyekuwa amejificha. Kwa kichocho ni miligramu 40 kwa kilo: mtu wa kilo 60 humeza 2,400, yaani vidonge 4 vya 600. Ni vichungu, visitafunwe. Haiwaui minyoo wachanga, kwa hiyo aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita anaweza kuhitaji kurudia.

Mayai nayo yana hadithi yake. Minyoo midogo inayowasha usiku njia ya haja kubwa hutaga nje ya mwili, na dawa haiyagusi mayai hayo. Dozi hurudiwa baada ya wiki 2, nyumba nzima kwa pamoja, shuka na nguo za ndani zikifuliwa siku hiyohiyo.

Usugu wa minyoo dhidi ya dawa umeshamiri zaidi kwa mifugo. Mbuzi huivunja dawa kama albendazoli mwilini haraka kuliko kondoo. Akipewa kipimo cha kondoo, minyoo wenye tubulini iliyobadilika, ambayo dawa haiinasi vizuri, ndio wanaobaki kuzaliana.