Huduma ya kwanza ya kisaikolojia si ushauri nasaha

Mtu anahudhuria mafunzo ya siku mbili, anapewa cheti, na Jumatatu inayofuata anajitambulisha kuwa mshauri nasaha. Au ajali inatokea, tunatangaziwa kwamba manusura wamepata huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kumbe walikalishwa kwenye duara wakatakiwa kusimulia, mmoja baada ya mwingine, kila walichokiona. Jina limetumika, lakini kilichofanyika ni kitu kingine.

Maana ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni fupi: ni msaada wa kiutu na wa vitendo kwa mtu aliyetoka kupatwa na jambo zito, unaotolewa na yeyote aliyefunzwa, awe mwalimu, dereva au jirani. Ndugu yake wa karibu ni huduma ya kwanza ya afya ya akili, iliyoanzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na Tony Jorm. Hiyo haingoji janga. Inamfundisha mtu wa kawaida kutambua dalili za sonona au hofu iliyopitiliza, na kumkabili anayeonyesha kutaka kujiua kwa kumuuliza waziwazi. (Ndiyo, kumuuliza waziwazi. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo la kujiua, ingawa wengi bado wanaliogopa.)

Kinachoniudhi zaidi ni lile duara. Lina historia yake. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell wa Marekani alieleza utaratibu wa kuwakusanya wazima moto na wahudumu wa dharura baada ya tukio baya ili walipitie upya hatua kwa hatua: ukweli wa tukio, mawazo, hisia. Wazo lilivutia, likaenea hadi kwa manusura wenyewe, tena mara nyingi kwa kikao kimoja tu. Walipopimwa kwa utafiti, waliopitia kikao hicho kimoja hawakuonekana kukingwa dhidi ya madhara ya kiwewe, na katika baadhi ya tafiti walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa bila kikao. Kwa hiyo mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unasema bayana kwamba huduma hii haimlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Akitaka kusema, unasikiliza. Akinyamaza, unakaa naye, unamtafutia maji, blanketi, simu ya kuwapigia ndugu zake. Hatua zake kuu ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha, yaani mfikishe mtu kwa ndugu zake na kwa msaada anaouhitaji. Ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, maana haina hotuba.

Kwa hiyo wale wanaomwinamia mfiwa na kumsihi "funguka, toa yote" wana nia njema, ila wanafanya kile ambacho mafunzo haya yaliandikwa kukizuia.

Hapo mtu hunijibu kwa kutaja Benchi la Urafiki la Zimbabwe. Mbona wale bibi hawana shahada na wanatibu? Ni kweli wanatibu. Mradi huo, ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006, huwaketisha wagonjwa wa sonona na wasiwasi kwenye benchi nje ya kliniki pamoja na mmoja wa bibi hao, mwanamke wa makamo aliyefunzwa, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha wanapata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini tazama wanachokifanya: wana njia maalumu ya kutatua matatizo, wanamwona mtu huyohuyo kwa vikao kadhaa, na nyuma yao wapo wataalamu wanaowasimamia. Hiyo ni tiba iliyokabidhiwa kwa asiye daktari. Haifanani na kumshika mkono mtu barabarani dakika kumi baada ya ajali, na kukosa shahada kwa pande zote mbili hakuzifanyi ziwe kitu kimoja.

Basi mwenye cheti cha siku mbili aendelee, tena kwa fahari, maana wanaomfikia mtu kabla ya mtaalamu ni wao. Ajiite tu mtoa huduma ya kwanza. Na akiombwa vikao vya kila wiki, aeleze kwamba hilo hakufunzwa, kisha ampeleke mwombaji kwa aliyefunzwa, akiweza aongozane naye siku ya kwanza.