Uvujaji wa kimya: maana yake, na namna kompteri inavyoufichua Goma

Uvujaji wa kimya ni maji yaliyopita kwenye kompteri (mita ya maji), yakaandikwa kwenye fakture (bili), lakini hayakuingia kwenye bidoni (dumu), sufuria wala beseni la mtu yeyote. Hakuna anayesikia sauti wala kuona tope. Kila mwezi unayalipa.

Goma jambo hili lina uzito wake. Maji ya REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali ya Kongo, hapa huvutwa kutoka Ziwa Kivu na kupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya juu, kwa hiyo kila lita inayopotea imekwisha kula umeme. Tena sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava, mawe ya volkano ya Nyiragongo, yakiwemo yale ya mlipuko wa Januari 2002 yaliyofunika katikati ya mji. Kwenye udongo wa kawaida bomba likipasuka, ardhi hulowa na majani huota. Lava ina matundu na nyufa: maji hutitia papo hapo, na uwanja unabaki mkavu. Kungoja dalili ya macho ni kupoteza muda.

Ndiyo sababu kampuni ya maji inayotaka wateja wabane matumizi huanza na kompteri. Anayelipa forfe, yaani bei moja kila mwezi, hana faida ya kubadilisha mpira wa robine (koki). Aliyefungiwa kompteri anayo. Bei ya ngazi huongeza msukumo: meta za ujazo za kwanza huwa nafuu, zinazofuata hupanda, na uvujaji ndio unaokusukuma ngazi ya juu.

Fanya hesabu. Weka chupa ya nusu lita chini ya robine inayodondoka. Ikijaa kwa dakika 10, hizo ni lita 3 kwa saa, 72 kwa siku, 2160 kwa siku 30. Ni bidoni 108 za lita 20, na bado wapo watoto wanaobeba bidoni hizo kutoka ziwani.

Kipimo chenyewe ni rahisi, ila kifanye maji yakiwa kwenye bomba. Yakiwa yamekatika, kompteri itatulia hata kama bomba limetoboka. Yakiwa ndiyo yanarudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia na kuizungusha bure; ngoja mpaka robine iache kukohoa. Kisha funga robine zote, pamoja na vali inayojaza tangi la akiba. Angalia nyota ndogo au pembetatu kwenye uso wa kompteri: huzunguka hata kwa mtiririko mdogo. Kama haipo, andika tarakimu zote, nyeusi (meta za ujazo) na nyekundu (sehemu zake), rudi baada ya saa moja bila mtu kugusa maji. Nyota ikizunguka, au tarakimu zikibadilika, funga vali ya kuingilia nyumba na uangalie tena. Ikisimama, kosa liko ndani. Ikiendelea, liko kati ya kompteri na vali hiyo.

Ndani, anza na choo. Mimina kahawa nyeusi kidogo kwenye tangi lake, usivute kwa dakika 20. Rangi ikionekana chini, mpira wa tangi haubani tena. Halafu flotere (boya linalofunga maji tangi likijaa) ya tangi la akiba: ikikwama wazi, maji humwagika usiku kucha kupitia bomba la kufurika. Kosa jingine la mji wenye mgao ni kuacha robine wazi ili ujue maji yakirudi. Yanarudi saa tisa usiku, wote wamelala.

Nje, bomba la plastiki lililolazwa moja kwa moja juu ya lava husagwa na ncha za mawe, na likiachwa juani hukauka na kupasuka. Lizungushie mchanga, sentimita 10 chini na 10 juu, ndipo urudishe mawe.

Uvujaji ulio kabla ya kompteri hauonekani kwenye fakture yako, na kuurekebisha ni kazi ya kampuni, lakini unaweza kumwonyesha fundi mahali. Usiku, mtaa ukitulia, simamisha nondo juu ya bomba na utegeshe sikio kwenye ncha ya pili. Maji yanayotoroka huvuma, na mvumo huongezeka unapokaribia tundu.