Unalala Kansas, kazi iko Missouri: kodi ya jimbo inakwenda wapi?

Hapa mjini kwetu, Kansas City, kuna barabara inaitwa State Line Road. Ukisimama upande mmoja uko Missouri, ukivuka uko Kansas, na kuivuka ni hatua chache tu. Barabara hiyo ndiyo inayonipa kazi ya kuwajazia watu fomu za kodi kila mwaka kuanzia mwisho wa Januari, W-2 (karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa) zinapoanza kuingia kwenye masanduku ya barua. Wateja wangu wengi ni watu wa Kiswahili: Wakongo waliokuja kama wakimbizi, Wakenya wa hospitalini na wa kwenye malori, na Watanzania wachache kama mimi. Wengi wao wanalala upande mmoja na kuchuma upande wa pili.

Mama mmoja wa Bukavu aliwahi kunikazia macho nilipomwambia anadaiwa. "Dada, kodi walishakata kwenye mshahara. Hii ya Kansas tena ni ya nini?" Simlaumu. Kule tulikotoka kodi ya mapato ni ya nchi nzima. Mkenya wa Kisumu anayefanya kazi Nairobi anajaza ritani moja (fomu ya kodi ya mwaka) ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 30 Juni, na kaunti haina ruhusa ya kugusa mshahara wake. Tanzania vilevile, kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Marekani kila jimbo lina sheria yake na fomu zake, mbali kabisa na IRS, mamlaka ya kodi ya nchi nzima. Yapo majimbo 9 yasiyotoza kodi kwenye mshahara, kama Texas, Florida, Tennessee na Washington. Kansas na Missouri hayamo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Jimbo unakoishi linatoza mapato yako yote, hata uliyoyachuma kwingine. Jimbo usikoishi linatoza kile ulichokichuma ndani ya mipaka yake tu. Kwa hiyo mshahara wa yule mama unaguswa na wawili: Missouri kwa sababu kazi ilifanyika huko, Kansas kwa sababu yeye ni mkazi wa Kansas. Ili asilipe mara mbili, Kansas inampa nafuu, yaani inapunguza kodi yake kwa ile aliyolipa Missouri.

Kwenye nafuu hiyo ndipo watu wengi wanapoumia, hasa wanaojifailia wenyewe kwa simu usiku wa manane. Tuseme mshahara wako ni dola 42,000. Kwenye W-2, kisanduku namba 17 kinaonyesha mwajiri alikukatia dola 1,250 za Missouri. Ukikamilisha fomu ya Missouri, unakuta kodi yako halisi ni dola 1,100, kwa hiyo utarudishiwa 150. Kodi ya Kansas kwa mapato hayohayo tuseme ni 1,550. Je, nafuu ni kiasi gani? Ni 1,100, kodi halisi, wala siyo ile 1,250 iliyokatwa. Utailipa Kansas dola 450.

Anayechukua 1,250 ya kwenye kisanduku 17 anajiona amepona na 300 tu, halafu Missouri inamrudishia 150 juu yake. Pesa ileile ameihesabu mara mbili. Inaweza kupita miezi kadhaa ndipo barua ya Kansas ifike, ikidai tofauti pamoja na riba. Jambo la pili: ingekuwa kodi ya Missouri ndiyo kubwa, Kansas isingekurudishia kilichozidi. Nafuu haivuki kodi ambayo Kansas yenyewe ingekutoza kwa mapato hayo.

Ndiyo maana mimi siku zote naanza na jimbo la kazi, namalizia na jimbo la nyumbani. Missouri ni fomu MO-1040 pamoja na MO-NRI, ile inayopima ni asilimia ngapi ya mapato yako imetoka Missouri. Namba ya kodi inayopatikana pale ndiyo ninayoipeleka kwenye K-40 ya Kansas, na nakala ya ritani ya Missouri naiambatanisha. Ukianza na Kansas unakisia. (Na wanaofanya kazi ndani ya Kansas City ya Missouri wanakatwa asilimia 1 ya jiji pia, wawe wakazi au la. Hiyo ni habari nyingine.)

Yapo majimbo yaliyokubaliana kupunguza usumbufu huu. Anayeishi Maryland na kufanya kazi Virginia analipa Maryland peke yake. Pennsylvania na New Jersey wana mapatano kama hayo kwa mishahara. Washington DC haitozi kabisa mshahara wa asiye mkazi wake, Bunge la Marekani liliikataza tangu 1973. Lakini mapatano hayajitekelezi. Lazima umpe mwajiri fomu, kwa mfano D-4A kwa anayefanya kazi DC, la sivyo atakukata kama mkazi na utalazimika kufaili ili kuidai pesa yako. Mapatano huvunjika pia: ya Minnesota na Wisconsin yaliisha 2010, na bado kuna watu wanayategemea. Kansas na Missouri hayana.

Sasa, mkazi ni nani? Msingi ni maskani: pale maisha yako yalipotia nanga, na unaporudi ukisafiri. Mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, shule ya watoto, bima ya gari, hayo ndiyo yanayoangaliwa. Majimbo mengine yanahesabu na siku. New York inaweza kukufanya mkazi hata maskani yako ikiwa kwingine, endapo una makazi ya kudumu humo na umekaa siku 184 au zaidi, na kipande cha siku nacho huhesabiwa siku. Ukihama katikati ya mwaka, unakuwa mkazi wa sehemu ya mwaka katika kila jimbo, basi iandike tarehe ya kuhama mahali usipoisahau.

Wanafunzi wa viza ya F-1 ndio wanaochanganyikiwa kuliko wote, na wana haki. Kwa IRS, kwa kawaida miaka 5 ya kalenda ya mwanzo siku zako hapa hazihesabiwi, hivyo wewe "si mkazi" na unajaza 1040-NR, fomu ya IRS ya wasio wakazi. Jimbo halifungwi na jibu hilo. Linatumia kipimo chake, na unaweza kabisa kuwa si mkazi kwa IRS ukawa mkazi kwa jimbo mwaka huohuo. Wala usichukue karatasi ya chuo inayosema wewe si mkazi ukadhani imemaliza mjadala, ile inahusu ada ya masomo. Green card nayo haikupi wala kukunyima ukazi wa jimbo.

Madereva wa malori nawaachia neno moja, maana wananiletea logi za majimbo 20 wakitaka tugawanye maili. Hakuna haja. Sheria ya shirikisho inasema mwajiriwa wa kampuni ya usafirishaji ambaye kazi yake ya kawaida inampitisha katika majimbo mawili au zaidi, mshahara wake unatozwa na jimbo analoishi tu. Angalia kisanduku 15 cha W-2. Kikitaja jimbo ambalo si lako, mwombe mwajiri arekebishe kabla hujafaili. Akikataa, tunafaili huko kama asiye mkazi na kudai yote yaliyokatwa. Ila sheria hiyo ni ya wanaovuka mipaka. Anayebeba mizigo ndani ya Missouri tu kisha akarudi kulala Kansas, yuko palepale na yule mama wa Bukavu.

Yule mama tulimjazia K-4, fomu ya Kansas ya kumwelekeza mwajiri akate kodi, akaipeleka kazini ili wamkatie na Kansas pia kila anapolipwa. Bahati yake mwajiri alikuwa na ofisi pande zote mbili. Ambaye mwajiri wake hakati kodi ya Kansas, ajiwekee mwenyewe kila mwezi au alipe kwa awamu kwa fomu ya Kansas iitwayo K-40ES. Mwaka uliofuata alirudi kwangu na W-2 yenye mistari miwili ya majimbo, Kansas ikamrudishia dola 38. Akauliza kama kuna namna ya kuzifanya ziwe nyingi zaidi.