Jina, umri na darasa: kuandikisha mtoto shule ya msingi hapa Busia

Wazazi wanaokuja kuandikisha watoto kwetu Busia, upande wa Uganda, huuliza mambo matatu kwa mpangilio uleule: pesa, sare, halafu chakula cha mchana. Nikifika kwenye jina la mtoto wananitajia mbiombio, kana kwamba hilo ndilo jepesi. Kwangu mimi ninayeshika rejista ya uandikishaji, hilo ndilo gumu kuliko yote. Sare ikibana mwezi wa tano, fundi ataipanua. Jina likikosewa darasa la kwanza, P1, litakaa kimya miaka yote, lije lilete kizaazaa mtoto akiwa la saba, P7, wakati hakuna mwenye nafasi ya kukimbizana na karatasi.

Jina unalolitaja pale mezani linaingia kwenye rejista ya shule. Kutoka hapo linaingizwa kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu wa kumbukumbu za shule, ule unaoitwa EMIS, na mtoto anapewa namba yake ya mwanafunzi, LIN. Akifika P7, mwalimu anayehusika na mitihani anamsajili UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwa jina hilohilo. UNEB nayo huchapisha cheti cha PLE, mtihani wa kumaliza msingi, kwa jina lililosajiliwa, si kwa jina ambalo nyumbani mnamwita. Cheti hicho ndicho kitakachodaiwa sekondari, na kila karatasi itakayofuata itaulizwa kwa nini hailingani nacho.

Mpakani jambo hili lina ugumu wake. Upande wa Kenya wamezoea jina la ubatizo kwanza na la baba mwisho. Huku kwetu wengi huanza na jina la ukoo, na watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina ya ukoo tofauti kila mmoja, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo Sharon Nekesa wa ng'ambo ile anakuwa Nekesa Sharon wa ng'ambo hii. Mwalimu mwingine, akiona baba anaitwa Wandera, anaongeza Wandera kwa hiari yake. Hapo mtoto mmoja tayari ana majina matatu.

Wakati wa uandikishaji uliopita alikuja nyanya mmoja na kaveera, mfuko wa plastiki, yenye karatasi zote za mjukuu wake. Alizitandaza moja moja. Kadi ya chanjo ilikuwa na jina moja na tarehe ya mwezi wa tatu. Kadi ya ubatizo ilikuwa na majina hayohayo yamegeuzwa, na tarehe ya mwezi wa tano, ambayo tukiangalia vizuri ilikuwa tarehe ya ubatizo wenyewe. Mtu alijaza kwenye mstari usio wake. Ripoti ya nasari ilikuwa na jina la baba tu na umri umeandikwa "5", bila tarehe. Nyanya akaniambia, "Mwalimu, wewe chagua lililo zuri." Nikamwambia, "Hapana mama, hapa mimi sichagui. Tunafuata karatasi iliyoandikwa mapema zaidi, halafu hizi nyingine zitaifuata." Iliyoandikwa mapema ni ile kadi ya chanjo, kwa sababu muuguzi aliijaza mtoto akiwa bado mchanga na hakuna aliyekuwa na sababu ya kupamba.

Bora zaidi ni cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa hospitalini, pale Masafu au kwingineko, alipewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo unayoipeleka ofisi ya wilaya ya NIRA, wale wa serikali wanaosajili raia na vizazi. Aliyezaliwa nyumbani aanzie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apate barua yenye mhuri. Usingoje Januari. Mwezi huo kila mzazi amekumbuka cheti siku moja na mwenzake, na foleni inakuwa ile ya kufika na kigoda chako. Nenda Oktoba au Novemba, wakati maofisa wana muda hata wa kukusomea herufi moja moja. Nawe zisome. Auma na Awuma, Mohamed na Muhammad, kila moja ni sawa, ila chagua moja ukae nayo.

Umri nao una ujanja wake. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 inasema shule ya msingi ni miaka saba, kwa watoto kuanzia miaka sita. Lakini mtoto akimaliza top class ya nasari akiwa na miaka minne na nusu, mzazi anaona kumrudisha nyumbani ni hasara, anaongeza mwaka mmoja kwenye fomu. Mimi hukataa, na najua wapo walimu wenzangu wanaokubali. Mtoto wa miaka minne na nusu anaweza kukuimbia alfabeti yote na bado asiweze kukaa kwenye benchi na wenzake wengi, ashike penseli, asubiri zamu yake na amfuate mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa. P1 hatapata taabu inayoonekana. Itaonekana P4, masomo yanapokuwa mazito na Kiingereza kikishika kila kitu. (Wapo pia wanaopunguza umri baadaye, hasa kijana akionekana ana mguu wa mpira. Hao nao hurudi kwangu wakitaka rejista "irekebishwe".)

Mwenye mtoto mkubwa asione haya. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Wengi walirudi wakiwa wamepitwa na umri wa darasa lao, na ndiyo maana madarasa ya juu yamekuwa na wavulana wenye sauti nzito. Tumewazoea. Kinachotusumbua ni mzazi anayeficha umri wa mtoto ili asionekane mkubwa.

Sasa niseme na wale wanaohama kutoka Kenya, maana kwetu hawa ni wengi na hukosea jambo lilelile. Kalenda kwanza. Mwaka wa shule Kenya huanza Januari mapema. Mwaka 2025 walianza tarehe 6 Januari. Sisi mwaka huohuo tulianza tarehe 3 Februari. Mzazi anayeleta mtoto Januari katikati anakuta walimu wako kwenye mikutano na lango limefungwa, anarudi akisema Uganda hakuna shule. Shule ipo, ila mihula mitatu yetu inaanza Februari na kuisha kuelekea mwanzoni mwa Desemba.

La pili ni darasa. Gredi ya tano ya Kenya si P5 yetu, hata kama namba ni ileile. Angalia somo la maarifa ya jamii, ambalo hapa kila mtu analiita SST. P4 mtoto anasoma wilaya yake, P5 anasoma Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika nzima. Mtoto akija kutoka Kenya na kuingizwa moja kwa moja P6, hajawahi kusoma wilaya wala Uganda: milima yake, watu wake, utawala wake. Mambo hayo yatamngoja kwenye mtihani, kwa sababu PLE haitungwi kutoka P7 peke yake. Masomo ya PLE ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na SST ambayo hubeba na maswali ya dini. Alama bora kabisa ni 4, yaani moja kwa kila somo, na ya mwisho ni 36.

Mwaona wenyewe kilichokosekana hapo. Kiswahili hakimo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, nami nilishangilia, lakini kwenye PLE bado hayo masomo ni manne. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwa insha ng'ambo anafika hapa na kile alichokuwa akijivunia hakimpi hata alama moja. Mzazi aambiwe mapema, na mtoto aambiwe mapema zaidi, asije akadhani amekuwa mjinga kwa kuvuka barabara. Ushauri wangu ni huu: anayehamia akiwa wa P5 au chini yake, mlete tu, tutampima na kumweka. Anayetaka kuingia P7 moja kwa moja, fikiri mara mbili, na kama hamna budi, aanze P6. Wazazi hununa. Mwaka mmoja wa kununa nauvumilia.

Kuhusu lugha ya madarasa ya chini, mtaala wa P1 hadi P3 unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo, kisha P4 avuke kwenda Kiingereza. Vijijini inawezekana. Mjini, ambapo benchi moja lina Msamia, Mteso, Mganda na mtoto anayezungumza Kiswahili tu nyumbani, walimu wengi huishia kwenye Kiingereza na kutafsiri pale panapokwama. Ulizia shule unayoitaka inafanya nini kabla hujalipa chochote.

Nimefika kwenye pesa, ambazo ndizo mlizokuja kuuliza. Elimu ya msingi bila ada, UPE, ilianza mwaka 1997, na mwaka huo idadi ya wanafunzi wa msingi iliruka kutoka milioni tatu na kitu hadi zaidi ya milioni tano. Serikali hutuma ruzuku kwa kila mtoto. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ikapandishwa kidogo kidogo hadi 20,000. Gawanya kwa mihula mitatu: haifiki 7,000 kwa muhula. Hiyo inunue chaki, karatasi za mtihani, ikarabati mlango, na kadhalika. Ndiyo maana orodha ya mahitaji inakuja na rimu ya karatasi, fagio, sabuni na tishu. Sheria hairuhusu shule ya UPE kumtoza mtoto ada ya kusomeshwa. Hela ya uji au posho (ugali) na maharage ni suala jingine: kulisha mtoto, sheria hiyohiyo inalihesabu ni wajibu wa mzazi. Mnapokubaliana kwenye mkutano wa wazazi, ulipe, na udai risiti. Mtu akikuomba "ya kushika nafasi" mkononi, bila risiti, kwenye shule ya serikali, nenda kamwone mwenyekiti wa kamati ya shule. Shule za binafsi zina bei zao, na hapo swali la kuuliza ni moja: ni nini hakimo kwenye ada hii? Utashangaa jibu linavyorefuka.

Kadi ya chanjo usiiache nyumbani. Tangu sheria ya chanjo ya mwaka 2017, shule inatakiwa kuidai inapompokea mtoto, na hiyo kadi, kama nilivyosema, ndiyo shahidi wetu wa tarehe. Mwenye binti akumbuke chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, binti akifikisha miaka kumi. Wauguzi huja hata shuleni. Kama mtoto haoni vizuri, hasikii vizuri au ana kifafa, sema siku hiyohiyo ya kuandikisha. Wazazi huficha wakiogopa tutamkataa. Tukijua, tunamkalisha mbele, na jambo hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu zake, maana UNEB hutoa dakika 45 za nyongeza kwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, mradi shule iwe imemsajili hivyo.

Maandalizi ya nyumbani si mengi. Sare ipeleke kwa fundi mapema Januari, mwambie aache upindo mpana, ukiwezekana wa kukunjwa mara mbili. P1 ni penseli, kalamu ya wino iacheni. Daftari ziandikwe jina kwa mpangilio uleule wa rejista. Mfundishe kujifunga viatu na kwenda chooni peke yake, anawe, arudi. Na barabara: kwetu malori yanajipanga kuelekea forodha, mtoto mfupi haonekani na dereva. Tembea naye njia yenyewe kabla ya siku ya kufungua, umwonyeshe kwa mkono kwamba hapiti kati ya lori na lori hata kama yote mawili yamezimwa, na kwamba anavuka pale tu penye mtu mzima wa kumvusha.

Wanaohamisha mtoto kutoka shule moja ya Uganda kwenda nyingine waombe barua ya uhamisho na ile namba ya LIN Novemba, muhula wa tatu ukiwa bado haujafungwa. Desemba mwalimu mkuu yuko shambani kwao, mhuri uko kabatini na ufunguo wa kabati anao yeye. Mtoto akiletwa bila LIN, kuna hatari aingizwe kwenye mfumo kama mwanafunzi mpya, na hapo tunakuwa na watoto wawili kwenye karatasi na mmoja darasani, na mimi nitakuita wewe, si shule ulikotoka.